Kuambiwa na Kuulizwa

Kuna tofauti kubwa baina ya kuambiwa na kuulizwa. Mtu akiambiwa, neno limekwisha katwa, naye hana kazi ila kusikia na kutii. Akiulizwa, neno bado li wazi, na jibu lake laweza kuligeuza. Nyumbani tofauti hiyo yajulikana hata kwa mtoto mdogo. Lakini katika mambo ya serikali za mahali, ambazo kazi yake ni kutuletea maji, barabara, zahanati na masoko, watu wengi wamekaa barazani saa nyingi, wakasikiliza, wakapiga makofi, kisha wakarudi makwao wakidhani wameulizwa, kumbe wameambiwa tu. Katika insha hii tutatazama jinsi watu wa Kenya walivyoulizwa, au walivyokosa kuulizwa, juu ya mahitaji ya vijiji vyao, tangu siku za wazee wetu hata leo. Na tutaona kwamba neno hili dogo limefanya mengi katika historia ya nchi.

Neno baraza lenyewe lina habari yake. Katika miji ya pwani, kama Lamu na Mombasa, baraza ni kiti cha mawe kilichoshikamana na ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo wanaume huketi jioni wakazungumza na kujuliana hali. Kutoka hapo neno likapata maana ya mkutano wenyewe, na serikali ya kikoloni ikalichukua ikalipeleka bara. Lakini safarini neno likabadilika tabia. Katika baraza la nyumbani kila mtu husema na kujibiwa. Katika baraza la serikali mmoja alisimama akanena, na wengine wakaketi chini juani wakasikiliza.

Isidhaniwe kwamba watu wa bara hawakuwa na mashauri yao kabla ya hapo. Wakikuyu walikuwa na kiama, Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, Wamijikenda walikuwa na wazee wa kaya. Mfano mzuri kwa habari yetu ni Wamarakwet, kwa sababu mashauri yao yalihusu huduma ambayo hata leo kila kaunti yahangaika nayo, nayo ni maji. Kwa mamia ya miaka Wamarakwet wamekuwa wakiyateka maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Cherangany na kuyaongoza kwa mifereji hata mashamba yao katika bonde la Kerio. Mifereji hiyo hupita katika magenge ya mawe, ikishikiliwa na magogo, matawi na mawe yaliyopangwa kwa ustadi. Mfereji ni mali ya koo zilizouchimba. Mvua kubwa ikiubomoa, watu wa koo hizo hukutana wakashauriana: nani atakwenda kazini, siku gani, na kila ukoo utapata zamu gani ya maji. Kila mwanamume aweza kunena, na maneno hujadiliwa hata watu wapatane. Baada ya kupatana, asiyefika kazini hutozwa faini.

Tazama mambo matatu katika desturi hiyo. La kwanza, watu waliulizwa kabla ya kazi kuanza. La pili, waliokata shauri ndio hao hao waliobeba magogo na kunywesha mashamba. La tatu, walikuwa na uwezo wa kulitimiza neno lao, maana mfereji ulikuwa wao na faini ilikuwa yao. Walakini palikuwa na upungufu mmoja, wala hatupaswi kuuficha. Wanawake, ambao walilima sehemu kubwa ya mashamba yaliyonyweshwa na maji hayo, hawakuwa na sauti katika mkutano. Mithali yasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, lakini neno laweza kupunguka pale ambapo wazee wako peke yao.

Serikali ya Waingereza ilipokwisha kushika nchi, ilitaka watu wa kupokea amri zake vijijini. Sheria ya mwaka 1902 ikaweka wakuu wa vijiji, na sheria ya mwaka 1912 ikawaongezea machifu mamlaka. Chifu huyu wa serikali hakuwekwa na watu, wala watu hawakuweza kumwondoa. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kuleta vibarua, kutengeneza barabara na kutuliza ugomvi. Akiita baraza, aliita ili kutangaza: kodi imepanda, barabara italimwa Jumatatu, mtu asikate mti huu. Ukimya wa watu waliokaa chini ulihesabiwa kuwa ni kukubali.

Ukimya ule haukudumu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kodi iliongezwa, kipande kikaletwa, na watu wakalazimishwa kazi. Mwezi wa Desemba 1921 Wajaluo walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem, wakaandika madai yao na kuunda chama cha vijana wa Kavirondo. Walitaka Gavana mwenyewe aje awasikilize. Mwezi wa Julai 1922 Gavana Sir Edward Northey akaja, akakutana nao Nyahera, karibu na Kisumu. Alikubali baadhi ya maombi yao, kama kuvunjwa kwa kambi za kazi za kulazimishwa. Mengine, kama kuirudisha nchi katika hali ya ulinzi badala ya koloni, aliyakataa. Lakini miezi minne kabla ya mkutano ule, tarehe 16 Machi 1922, watu wa Nairobi waliokusanyika kudai kufunguliwa kwa Harry Thuku walipigwa risasi, na wengi wakafa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Mwaka ule mmoja ulionyesha njia mbili alizo nazo mtawala: kusikiliza, au kupiga.

Serikali ikaona kwamba yafaa kuwapa watu mahali pa kusemea, hasa ili wasiseme katika vyama vya siasa. Ndipo ikatoka sheria ya mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1925 yakaundwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya za Waafrika. Wajumbe wengine walichaguliwa na watu, wengine waliwekwa na serikali, na mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, yaani Mwingereza. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza ushuru mdogo na kuutumia kwa barabara, madaraja, zahanati, masoko, miche ya miti na shule.

Mtu aweza kuyadharau mabaraza yale, kwa kuwa hapana azimio lililopita bila ridhaa ya serikali. Lakini tazama watu walivyoyatumia. Katika nchi ya Wakikuyu na nchi ya Waluhya wajumbe walisema kwamba haja yao kubwa ni elimu ya juu, wala si elimu ya misheni peke yake; wakakubali watu wao watozwe fedha kwa ajili hiyo. Fedha hizo zilisaidia kuanzisha shule za serikali katika miaka ya 1930, kama Kagumo huko Nyeri na ile ya Kakamega. Maafisa wengi walidhani kwamba Mwafrika, akiulizwa, ataomba kupunguziwa kodi. Badala yake aliomba kulipa zaidi, maadamu fedha itajenga kitu alichokichagua mwenyewe. Hili ni jambo la kukumbukwa: mara nyingi watu hawachukii kutoa, wachukia kutolewa.

Sasa na tuende Ukambani, maana huko somo letu lapatikana kwa ukamilifu kuliko mahali pengine. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa imeharibika sana. Udongo ulichukuliwa na maji, makorongo yakafunguka, na vilima vikawa vitupu. Wataalamu wa serikali walisema kwamba ng'ombe wamezidi nyasi. Wakamba kwa upande wao walisema kwamba si ng'ombe waliozidi, bali ardhi iliyopungua, kwa sababu malisho yao mengi yalikuwa yamechukuliwa na kupewa walowezi. Machakos ilikuwa na Baraza la Wenyeji kama wilaya nyingine. Lakini habari ya ng'ombe ilipofika, serikali haikuja kuuliza; ilikuja na hesabu mkononi. Kila mahali paliwekewa idadi ya ng'ombe watakaobaki. Waliozidi walitwaliwa kwa nguvu wakauzwa kwa bei ya chini, na wengi wakaishia katika kiwanda cha nyama cha Athi River.

Mwezi wa Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka vijijini wakaja Nairobi kwa miguu kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Gavana Sir Robert Brooke-Popham hakutaka kuwapokea pale mjini, nao hawakutaka kuondoka. Wakapiga kambi, wakakaa majuma kadhaa kwa utulivu, bila kumpiga mtu wala kuvunja kitu. Mwezi wa Agosti Gavana akaenda Machakos kufanya baraza nao. Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu kukaa uhamishoni. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe wao. Neno lililokatwa bila watu likakatuliwa na watu, kwa miguu yao.

Yafaa tuwe waadilifu hapa. Wale wataalamu hawakusema uongo juu ya udongo: ulikuwa ukipotea kweli kweli, na aliyetaka kuuokoa alitaka jambo jema. Kosa halikuwa katika elimu yao, bali katika kudhani kwamba elimu ya mtaalamu yatosha pasipo shauri la mwenye shamba. Kosa hilo hilo lilirudiwa Murang'a baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Serikali iliamuru matuta yachimbwe ili kuzuia mmomonyoko, na machifu wakawatoa watu kazini kila juma. Wanaume wengi walikuwa mijini wakitafuta mshahara, basi mzigo wa majembe ukawaangukia wanawake, ambao hapana baraza lililowauliza neno. Mwaka 1948 wanawake kwa mamia walikwenda mpaka makao ya wilaya wakiimba na kucheza, wakasema wazi kwamba hawatachimba tena.

Lakini si kwamba Waafrika walikataa matuta kwa kuwa ni matuta. Rudi tena Machakos. Wakamba wana desturi ya kale iitwayo mwethya, ambayo majirani hukusanyika kumsaidia mmoja wao kulima au kujenga, na zamu ikazunguka. Katika miaka ya 1950 maafisa wengine walitambua kwamba kazi ya udongo ingefanyika vizuri zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa amri. Wakawaacha watu waunde vikundi vyao, wachague viongozi wao, na waamue wenyewe ni shamba gani lianze. Wengi wa wana mwethya walikuwa wanawake, na wanawake wakawa viongozi. Watu wakachagua hata namna ya tuta. Badala ya lile lililoamriwa zamani, wengi walipenda lile ambalo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, likaitwa fanya juu. Baada ya uhuru kazi iliendelea bila kiboko cha mtu, na katika miongo iliyofuata vilima vya Machakos vilijaa matuta toka chini hata juu, hata wataalamu wa nchi nyingine wakaja kuyatazama. Udongo ulikuwa ule ule, na majembe ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mara hii mwenye shamba aliulizwa.

Tukirudi kwenye mabaraza ya wilaya, sheria ya mwaka 1950 iliyageuza Mabaraza ya Wenyeji kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, zikapewa uwezo zaidi wa kutoza kodi na kutunga sheria ndogo ndogo. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, halmashauri za kaunti zilikuwa na kazi kubwa mikononi: shule za msingi, zahanati na barabara. Diwani alikuwa mtu wa kijijini. Mzazi aliyeona shule haina paa alijua mlango wa kubisha.

Lakini fedha za halmashauri hazikutosha kwa kazi hizo, nyingine zikashindwa kulipa walimu mishahara. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuzihamisha kazi hizo tatu kubwa, na tangu mwanzo wa mwaka 1970 elimu ya msingi, afya na barabara zikaingia mikononi mwa serikali kuu, isipokuwa katika miji michache mikubwa. Walimu walipata mishahara yao, na hilo lilikuwa faida. Lakini diwani alibaki na soko, machinjio na leseni, na mwananchi aliyetaka zahanati sasa alipaswa kumwandikia mtu wa Nairobi asiyemjua. Hapa twaona jambo lingine juu ya kuulizwa: ni bure kumwuliza mtu, ikiwa huyo anayemwuliza hana fedha wala uwezo wa kulitimiza jibu.

Watu hawakukaa wakilia. Walijenga kwa Harambee shule, zahanati na mabomba ya maji, wakichanga shilingi, mchanga na nguvu za mikono. Harambee ilionyesha kwamba wananchi wajua haja zao. Lakini mara nyingine mchango uligeuka kuwa amri, chifu akashika kuku wa maskini. Na mara nyingine zahanati ilijengwa pasipo mganga, kwa sababu waliojenga na wenye kuleta waganga hawakuwa wameshauriana.

Mwaka 1983 serikali ilitangaza mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo. Kamati ya maendeleo ya kila wilaya ilipaswa kuchagua miradi, na mapendekezo yapande kutoka chini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mkuu wa Wilaya, aliyewekwa na Rais, na wengi wa wajumbe walikuwa maafisa wa wizara. Mwaka 1998 ikatungwa sheria ya kuzirudishia halmashauri sehemu ya kodi ya mapato, asilimia 5. Na tangu mwaka 2001 halmashauri iliyotaka kupata fedha hizo zote ilipaswa kwanza kuwaita wakazi wa kila wadi, wataje haja zao, wazipange kwa uzito wake, na kuchagua wajumbe wa kwenda katika kikao cha maafikiano. Kwa mara ya kwanza fedha ilifungwa kamba moja na kuulizwa. Mara nyingi fedha zenyewe zilikuwa chache, na kila wadi ilipata darasa moja au kivuko kimoja. Tena si madiwani wote waliopenda kuulizia yale waliyokwisha kuyaamua. Walakini mbegu ilikuwa imepandwa.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliikuza mbegu hiyo ikawa sheria kuu ya nchi. Kifungu cha kwanza chasema kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 196 chaliamuru bunge la kila kaunti lifanye kazi zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 kaunti 47 zilianza kazi, nazo zikapewa afya, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo na shule za chekechea. Basi mambo mawili yaliyokuwa yametengana tangu mwaka 1970 yakakutana tena: mwenye kuuliza na mwenye uwezo wa kutenda akawa mmoja.

Je, kuulizwa ni wajibu kweli, au ni adabu tu? Jawabu lilitoka mahakamani upesi. Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria ya fedha ya mwaka 2013, ikaweka ada na kodi mbalimbali. Wananchi wakaishtaki, wakasema kwamba hawakushirikishwa inavyopasa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitangaza sheria ile kuwa kinyume cha Katiba. Hakimu alieleza kwamba kuwashirikisha watu hakuwi kitendo cha kutimiza desturi tu; kaunti yapaswa kuwatafuta watu pale walipo, makanisani, misikitini, katika redio za lugha zao na katika mabaraza. Tazama jinsi neno lile la pwani lilivyozunguka. Mahali ambapo chifu wa zamani alitangazia amri, sasa sheria yataka serikali ije kuuliza.

Mwanafunzi apaswa kujua pia wakati wa kuulizwa, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maneno hukatwa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Karatasi ya kueleza jinsi fedha zitakavyogawanywa, mwisho wa Februari. Na makadirio yenyewe, tarehe 30 Aprili. Mtu ajaye mwezi wa Juni kuomba kisima amekuta sahani zimeoshwa. Tena kaunti iitayo mkutano mwezi wa Juni haiulizi, yaambia.

Kati ya kaunti zilizosifiwa kwa jambo hili ni Makueni, nchi ile ile ambayo ng'ombe wake walitwaliwa mwaka 1938. Huko mashauri huanza kijijini, na vijiji vyao ni zaidi ya 3,000. Kila kijiji hutaja haja zake na kuchagua wajumbe. Wajumbe hukutana katika vijiji vya jirani, kisha katika sehemu za wadi, kisha katika wadi, kisha katika kaunti ndogo, hata kufikia mkutano wa kaunti nzima. Kila ngazi hupunguza na kupanga. Mradi ukianza, kamati iliyochaguliwa na wenyeji huutazama ujenzi. Hapana shaka kwamba hata huko wako wasioridhika. Katika kila uchaguzi wa mambo kuna aliyekosa. Lakini aliyekosa baada ya kusikilizwa hulipokea lake kwa moyo mwingine kuliko aliyekosa bila kuulizwa.

Yako maneno yasemwayo dhidi ya desturi hii, na yafaa tuyapime. Husemwa kwamba mikutano ni ghali na hupoteza wakati. Ni kweli, ina gharama. Lakini matuta yaliyoamriwa Murang'a yalikuwa na gharama kubwa kuliko mkutano wowote. Husemwa kwamba wanaokuja ni wale wale kila mara, wengine wakifuata soda na nauli. Hilo pia hutokea, na dawa yake si kufuta mkutano, bali kuuweka saa ambayo mama mwenye watoto na kijana mwenye kibarua waweza kufika, na kutumia lugha wanayoielewa. Husemwa mwisho kwamba mwananchi hana elimu ya kupanga bajeti. Basi apewe karatasi za bajeti kabla ya mkutano, zilizoandikwa kwa maneno mepesi, naye ataonyesha kama hana elimu au alinyimwa habari.

Tumeona safari ndefu, toka mfereji wa Marakwet hata ukumbi wa wadi. Katika safari hiyo kipimo kimekuwa kimoja. Ukialikwa barazani siku moja, na siku hiyo yaja upesi kwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, jiulize maneno haya. Je, shauri limekwisha katwa, au bado? Je, wanaotumia huduma hii wako hapa, pamoja na wanawake, vijana na wasiojiweza? Je, huyu anayeuliza ana fedha na mamlaka ya kutenda? Na je, atarudi kutuambia jibu letu limefanya nini? Ukipata ndiyo katika yote manne, umeulizwa. Ukikosa hata moja, simama kwa adabu ulitaje. Maana babu na bibi waliotembea toka Ukambani hata Nairobi mwaka 1938 hawakuwa na Katiba wala mahakama ya kuwasikiliza, nao walisimama.